Shajara ya mradi: sufuri ya miksa ikutane na sufuri ya kompyuta

Vifaa vilivyopo: miksa ya analogi ya chaneli 24 yenye grupu 8 (njia za kukusanyia chaneli), intafesi ya USB (kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta) yenye milango 8 ya laini, kompyuta mpakato yenye Reaper (programu ya kurekodi), na kebo 8 za TRS (jeki yenye migusano mitatu: ncha, ring na sleeve) kutoka kwenye grupu hadi kwenye intafesi. Chumba kiko Dar es Salaam na kinarekodi kwaya, taarabu na mara mojamoja ngoma. Ugonjwa ni huu: sauti inakwaruza penye nguvu, na wakati huohuo taa za miksa ziko kwenye kijani. Maingizo yanaongezwa kila hatua inapokamilika, ili mwenye vifaa vya aina hii aweze kufuata.

11 Januari 2025: Kiwango kinachotafutwa

Kwenye dijitali, 0 dBFS (dB zikihesabiwa kutoka ukomo wa mfumo) ni dari. Juu yake hakuna namba, kwa hiyo wimbi likifika hapo linakatwa kichwa na hakuna programu itakayokirudisha. Tepu ilivumilia: ukiizidishia ilianza kuifinya sauti taratibu, na masikio mengi yalipenda. Mazoea ya kuijaza mita mpaka juu yalitoka huko, yakaendelea enzi za biti 16, na hadi leo fundi mitambo akiona mita iko nusu anahisi kuna kitu anapoteza. Kwa biti 24 hapotezi kitu. Hesabu yake iko kwenye ingizo la Machi.

Kinachotakiwa ni volti moja inayojulikana kwenye waya iwe namba moja inayojulikana kwenye kompyuta. Umbali kutoka namba hiyo hadi dari ndio hedirumu. Pendekezo R68 la EBU (umoja wa watangazaji wa Ulaya) linaweka kiwango rejea kwenye -18 dBFS, RP 155 ya SMPTE (chama cha wahandisi wa filamu na televisheni cha Marekani) inakiweka kwenye -20 dBFS. Ulaya -18 huendana na 0 dBu (dBu ni kipimo cha volti kwenye waya), na kwa SMPTE -20 huendana na +4 dBu. Hapa hatufuati hata moja neno kwa neno. Miksa hii, kwa mujibu wa kijitabu chake, inatoa hadi +22 dBu, na sufuri ya mita zake ni +4 dBu. Tofauti ni dB 18. Basi +4 dBu itakuwa -18 dBFS, ili miksa na intafesi zigonge dari pamoja.

Volti za kukumbuka: 0 dBu ni 0.775 V, +4 dBu ni 1.228 V, +22 dBu ni 9.75 V, zote RMS (wastani wa nguvu ya wimbi, si kilele chake).

18 Januari 2025: Toni ya kupimia

Hatua hii ilionekana ya dakika tano, kumbe ndiyo yenye mitego mingi kuliko zote.

Mtego wa kwanza uko Audacity, programu ya kuhariri sauti. Ukizalisha toni bila kugusa chochote, ukubwa wake ni 0.8, yaani karibu -1.9 dBFS, na ukiipeleka hiyo moja kwa moja kwenye spika utajuta. Kwa -18 dBFS andika 0.126, kwa -20 andika 0.1. Anayetumia ffmpeg (programu ya sauti inayoendeshwa kwa amri) ana bahati, kwa sababu toni yake ya sine (wimbi laini la masafa moja) huja na ukubwa wa 1/8, sawa na -18.06 dBFS:

`ffmpeg -f lavfi -i "sine=frequency=400:sample_rate=48000:duration=60" -c:a pcm_s24le toni400.wav`

Mtego wa pili ni masafa. Toni ya 1 kHz ndiyo ya kawaida kwenye vitabu, lakini multimita za bei nafuu nyingi zinaaminika hadi 400 Hz tu kwenye AC. Juu ya hapo zinaanza kusoma pungufu. Tukashuka hadi 100 Hz, na chaneli tatu za miksa zikasoma chini kwa dB 3 kuliko wenzake. Chaneli hizo zilikuwa na kichujio cha besi kimewashwa, na kichujio chenyewe kinaanza kukata hapohapo kwenye 100 Hz. Ikabaki 400 Hz: iko ndani ya uwezo wa multimita na mbali na kichujio.

Mtego wa tatu ni pani, nobu ya kugawa sauti kushoto na kulia. Sauti ya mono ikiwekwa katikati, miksa nyingi na programu nyingi huishusha dB 3 kila upande ili isizidi nguvu inaposikika kwenye spika mbili. Toni ikawa inatoka -18 na kufika kwenye grupu ikiwa -21. Dawa ni kugeuza pani yote kushoto, kupima, kisha kuigeuza yote kulia na kupima tena.

Mengine kwa ufupi. Toni itoke kwenye matokeo ya 3 na 4 ya intafesi, kwani ya 1 na 2 yanafuata nobu ya spika, na mtu akiigusa vipimo vyote vinakufa. Kwenye Windows tumia ASIO (njia inayounganisha programu na intafesi moja kwa moja), vinginevyo sauti ya mfumo na vile viboreshaji vyake vinaingilia katikati. Na kama mita moja inasema -18 na nyingine -21 kwa toni ileile, usianze kufungua kebo: ya kwanza inasoma kilele, ya pili inasoma RMS, na kilele cha sine kiko juu ya RMS yake kwa dB 3. Baadhi ya programu hufuata kanuni ya upimaji ya AES17, ambayo inaifidia hiyo tofauti, nyingine hazifuati.

25 Januari 2025: Multimita na sufuri ya miksa

Multimita ndogo ya manjano iliyopo kila duka ina mizani mbili tu za AC, 200 V na 750 V. Kwa kazi hii haifai, itaonyesha 1.2 na kuishia hapo. Tafuta yenye mzani wa 2 V na 20 V za AC. Iliyonunuliwa iligharimu TSh 38,000.

Toni iliingizwa kwenye laini ya chaneli ya 1, feda zote mbili (vitelezi vya kiwango, cha chaneli na cha grupu) kwenye 0, geini (ukuzaji wa mwanzoni mwa chaneli) ikapandishwa hadi taa ya 0 ya grupu iwake. Multimita ikasoma 0.61 V. Kwa haraka mtu angesema mita ya miksa imeharibika na inadanganya kwa dB 6. Sivyo. Ncha za multimita zilikuwa kati ya ncha ya jeki na sleeve, yaani zilipima nusu moja tu ya laini ya balansi (inayobeba sauti ileile kwenye nyaya mbili, moja ikiwa kinyume). Matokeo ya miksa hii yanaendesha nyaya zote mbili, kwa hiyo pima kati ya ncha na ring (au pini ya 2 na ya 3 kwenye XLR, plagi ya pini tatu). Hapo ikasoma 1.23 V, na sufuri ya miksa ikathibitika kuwa +4 dBu.

Usinakili namba hiyo bila kupima kwako. Kuna miksa ambazo 0 iliyochapishwa kwenye mita ni 0 dBu, na hapo utasoma 0.775 V.

8 Februari 2025: Dari ya intafesi

Geini ya mlango wa laini ikiwa chini kabisa, toni ya +4 dBu iliingia Reaper ikasoma -12 dBFS. Toni ilipopandishwa polepole, kilele kiligusa 0 dBFS multimita ikiwa kwenye 4.89 V, ambayo ni +16 dBu.

Ugonjwa ukaonekana. Miksa ina dB 18 juu ya sufuri yake, intafesi ina 12 tu. Katika zile dB 6 za kati taa za miksa zinacheza salama na kompyuta tayari inakata. Kushusha feda ndani ya Reaper hakusaidii, maana feda hiyo iko baada ya kigeuzi (sehemu ya intafesi inayogeuza volti kuwa namba). Unapata wimbi lilelile lililokatwa kichwa, ila dogo.

Njia rahisi ingekuwa kuendesha miksa chini kwa dB 6 na kumwambia kila fundi asipite taa fulani. Inafanya kazi mpaka siku fundi huyo hayupo. Njia iliyochaguliwa ni kuweka vipunguzi vya dB 6 kwenye kebo, ili nyekundu ya miksa iwe nyekundu ya kweli.

Angalizo kuhusu plagi: milango ya aina mbili kwa moja ya intafesi nyingi hupeleka XLR kwenye priampu (kikuzaji) ya maiki na TRS kwenye laini. Ukiingiza tokeo la miksa kwa XLR, umeingia kwenye priampu yenye geini, na mtu akiwasha fantomu (umeme wa kuendeshea maiki) unapeleka 48 V kwenye matokeo ya miksa. Tumia TRS.

22 Februari 2025: Vipunguzi nane

Kila kipunguzi ni rezista tatu: moja kwenye waya wa ncha, moja kwenye waya wa ring, na moja ikiunganisha nyaya hizo mbili upande wa intafesi. Sleeve inapita bila kuguswa.

Hesabu: tokeo la miksa lina ohm 150, mlango wa intafesi kilo-ohm 20. Rezista ya kuunganisha ni 1.5 kΩ, na ikiwa sambamba na mlango inakuwa kama ohm 1,395. Ili volti igawanyike nusu kwa nusu, rezista mbili za njiani pamoja na ohm 150 za miksa zifikie takriban kiasi hicho, kwa hiyo kila moja 620 Ω. Matokeo ni dB 6.0. Ukikosa 620 ukatumia 680 utapata dB 6.4, kwa 560 utapata 5.6. Zote zinafaa mradi kebo zote nane ziwe sawa.

Rangi za 620 Ω ya asilimia 1: bluu, nyekundu, nyeusi, nyeusi, kahawia. Za 1.5 kΩ: kahawia, kijani, nyeusi, kahawia, kahawia. Chukua za 1/8 W. Za 1/4 W zinabanana ndani ya plagi na joto hapa si hoja, nguvu yake haifiki hata milliwati 50.

Nunua za ziada na uzipime. Thamani kamili si muhimu kama kufanana kwa zile mbili za njiani. Zikitofautiana, laini inaacha kufuta mvumo kwa usawa na 50 Hz ya umeme inapenya. Zilipangwa kwa jozi zinazotofautiana chini ya ohm 1.

Kebo saba zilitoka sawa. Ya grupu 3 ilisoma chini ya wenzake kwa dB 3.5 na ikawa na mvumo. Namba hiyo inasema mengi. Kipunguzi chenye thamani zilizokosewa sawasawa pande zote mbili kingekosa usahihi lakini kisingevuma. Mvumo pamoja na upungufu wa dB 3.5 ni dalili kwamba upande mmoja umegusa sleeve baada ya rezista. Plagi ilipofunguliwa, mguu wa rezista ya ring ulikuwa umetoboa plastiki ya kufunika. Tangu hapo kila mguu unavishwa plastiki yake peke yake kabla ya ile kubwa ya nje.

Baada ya hapo: +4 dBu inasoma -18.0 dBFS kwenye kebo zote, tofauti kubwa ikiwa dB 0.2. Toni ilipopandishwa hadi 9.75 V, miksa ilianza kuzaa kelele ya 1,200 Hz (mara tatu ya toni, dalili ya kukatika) palepale kilele kilipokaribia 0 dBFS.

Gharama: rezista 60 kwa TSh 6,000, plastiki ya kufunika 2,000, lehemu 5,000. Pamoja na multimita, TSh 51,000.

8 Machi 2025: Kwaya, na hesabu ya kelele

Maiki mbili za kondensa, hisia ya 12 mV kwa paskali moja. Kwaya ikiimba kwa sauti kamili, mahali pa maiki palikuwa na karibu 94 dB SPL (kipimo cha shinikizo la sauti hewani), ambayo ndiyo paskali moja. Maiki inatoa 12 mV, yaani -36 dBu. Geini ya dB 40 inaifikisha +4 dBu, na kompyuta inasoma wastani wa -18. Vilele vya juu, soprano walipopasua mwishoni mwa wimbo wa Pasaka, vilifika -5 dBFS. Kwa mpangilio wa zamani hapo pangekuwa +1, yaani pamekatwa.

Sasa lile swali la kupoteza ubora. Priampu ya miksa ina kelele ya -128 dBu kwenye ingizo. Ongeza geini ya 40 upate -88 dBu, sawa na -110 dBFS. Kigeuzi cha intafesi nacho kina kama -110. Vyote pamoja ni -107. Chumba kikiwa kimya, feni imezimwa, mita ilisoma -72. Feni ikiwashwa, -63. Kwa maneno mengine chumba kinapiga kelele kuliko vifaa kwa dB 35. Ukipandisha geini dB 6 ili mita ipendeze, kelele ya chumba inapanda nayo dB 6 na hujapata chochote zaidi ya hatari. Anayetaka rekodi safi zaidi azime feni: dB 9 za bure.

12 Aprili 2025: Ngoma

Msondo mmoja na chapuo mbili, maiki ya karibu kwa kila ngoma. Mita ya kompyuta ilikaa vizuri, kilele hakikupita -7 dBFS kamwe. Hilo neno kamwe ndilo lililotia shaka, kwani mpiga ngoma hapigi mara mia kwa nguvu ileile. Mawimbi yalipokuzwa kwenye skrini, kila pigo kubwa lilikuwa na kichwa bapa kwenye -7.

Wimbi bapa chini ya 0 dBFS limekatwa kabla ya kigeuzi. Hapa priampu ya chaneli ilikuwa inagonga dari yake ya +22 dBu, na feda ya chaneli ilikuwa imeshushwa hadi -7 ili sauti isizidi. Feda ikashusha sauti iliyokwisha haribika. Mita ya grupu haiwezi kukuonyesha hilo. Bonyeza PFL ya chaneli (kitufe cha kupima sauti kabla ya feda) usome pale kwanza.

Geini ilishushwa dB 14, feda ikarudi kwenye 0, na vilele vikatua kati ya -9 na -6 vikiwa na umbo kamili. Kanuni iliyobaki ukutani: geini ipangwe feda ikiwa kwenye 0. Feda inayolazimika kukaa chini sana inasema geini imezidi.

Rekoda za biti 32 za flouti (namba zenye nafasi hata juu ya 0 dBFS) hazingeokoa hali hii. Zinasamehe kinachotokea baada ya kigeuzi, priampu ikikata haziwezi kujua.

Kwa ngoma, usipange kwa wastani. Mita yenye mwendo wa VU (mita ya sindano inayoonyesha wastani) inachukua milisekunde 300 kufika, pigo la chapuo limeshakwisha. Panga kwa kilele, -10 dBFS wakati wa majaribio, kwa sababu kwenye onyesho lenyewe mikono inaongezeka nguvu.

26 Aprili 2025: Taarabu

Kanuni (ala ya nyuzi), udi, fidla mbili, akodiani, dumbak, mwimbaji na waitikiaji. Kilichohitaji kazi ni kanuni: wastani wake unaonekana mdogo, lakini kila mshiko wa uzi unaruka dB 16 au zaidi juu ya wastani. Ilishushwa hadi wastani wa -24 na ikaachwa hapo. Mwimbaji alikaa -18. Vigelegele ndivyo vilivyovunja mpango, kwani mtu aliye nusu mita kutoka maiki ya waitikiaji anapopiga kigelegele hakuna onyo. Maiki ile ilisogezwa juu na nyuma, kisha ikashushwa dB 6 nyingine.

Kwenye mchanganyiko, grupu nane zisizofanana zikijumlishwa zinaongeza kama dB 9. Vilele vya grupu vilikuwa kwenye -8, kwa hiyo mita ya jumla ilipita 0. Ndani ya Reaper hakikukatika kitu, hesabu zake ni za flouti, lakini ukitoa faili la biti 24 hivyo hivyo litakatwa. Traki zote zilishushwa dB 10 kwa pamoja, baada ya vifinyaji (programu za kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo). Si kabla: vifinyaji vinavyoiga mitambo ya zamani vingi vinachukulia -18 dBFS kuwa sufuri ya VU, na ukivilisha kidogo vinakaa bure.

17 Mei 2025: Kutoa faili

Mita ya LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi inavyosikika) ilijaribiwa kwanza kwa toni ya 997 Hz ya -18 dBFS pande zote mbili. Lazima isome -18. Ikiwa upande mmoja tu, -21. Iliposoma hivyo ikaaminika.

Mchanganyiko wa taarabu ulisoma -19.4 LUFS, kilele cha kweli -2.1 dBTP. Kuufikisha -14, kiwango ambacho YouTube hushushia sauti zilizozidi, kungehitaji kuongeza dB 5.4 na kufinya vilele dB 4.3 ili visipite -1. Kanuni ilianza kusikika kama imefunikwa kitambaa. Ukaachwa -16: nyongeza ya dB 3.4, ufinyaji wa dB 2.3. YouTube haipandishi sauti ndogo, kwa hiyo itasikika chini kidogo ya majirani zake. Tumekubali. Kwa redio inayofuata EBU R128 toleo lingine lilitolewa kwa -23 LUFS, bila kufinya kabisa.

Jaribio la kwanza lilitumia limita (kizuizi cha vilele) ya kawaida iliyowekwa -0.3. Faili ilionekana salama, ila kilele cha kweli kilikuwa +0.5 dBTP, maana wimbi linapita juu kati ya sampuli mbili na mita ya sampuli hailioni. Limita ikabadilishwa kuwa ya kilele cha kweli, -1. Amri ya kukagua:

`ffmpeg -i faili.wav -af ebur128=peak=true -f null -`

14 Juni 2025: Ukaguzi, na kamera

Toni ilirudiwa kwenye grupu zote. Saba ziko palepale. Grupu 5 imeshuka dB 0.4 na inabadilika kebo ikitikiswa: lehemu baridi kwenye 1.5 kΩ, imechomwa upya. Tangu sasa kila kipindi cha kurekodi kinaanza na sekunde 30 za toni ndani ya faili lenyewe, ili atakayelifungua baadaye ajue -18 ilikuwa wapi.

Iliyobaki ni kamera. Mlango wake wa 3.5 mm unaanza kukata kwa -20 dBu, na tokeo la aux (la ziada) la miksa, lisilo la balansi, linafika +22, kwa hiyo inahitaji kipunguzi cha dB 42. Rezista ya 12 kΩ njiani na ya 100 Ω kwenda ardhini zinatoa dB 41.9 kwa mlango wa kamera wa 5 kΩ. Mlango huo pia unatoa volti chache za DC kwa ajili ya maiki ndogo, na zile 100 Ω zitaivuta chini, hivyo kapasita ya 10 µF iwekwe kati ya kipunguzi na kamera, chanya ikielekea kamera. Rezista zipo, kapasita bado haijanunuliwa.